Bwana Hachoki na Pampu ya Bomani

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo ndiyo leo! Bosi Eliamini amesema mbele ya wote: kazi ya kumwandikia wakala maelezo ni ya Shamsa, yaani mimi, na hakuna wa kumwingilia. Nikajifanya nimeshtuka. Sikushtuka hata kidogo. Ofisi nzima nani mwingine anaandika sentensi ikaeleweka mara moja?

Ngoja niyaandike tangu mwanzo, nikija kuwa mkubwa nikumbuke nilikotokea. Sisi tunafunga na kuhudumia pampu za maji za sola. Wateja wako pande zote — Kileo mashambani, Mamba kwenye tangawizi, mbugani kwa wafugaji. Kila pampu ina mkataba wa huduma. Ikizima, fundi anakwenda na spea inatoka stoo. Ila kumbukumbu za hiyo mikataba, jamani! Mkataba umeisha, bado unasoma hai. Simu ya mteja ukipiga inapokewa na mtu wa Tabora.

Sasa kampuni imeleta wakala wa AI. Mteja anatuma ujumbe, wakala anausoma, anachagua zana — ya kuongeza muda, ya kubadili mwenye mkataba, ya kusimamisha huduma, ya kutuma fundi — na kumbukumbu inarekebishwa hapo hapo. Kila zana inataka maelezo yake: inafanya kazi gani, itumike lini, isitumike lini, imuulize mteja nini kwanza. Asipoandikiwa, anabuni. Akiandikiwa ovyo, anatii ule uovyo. Ndiyo kazi yangu hiyo.

Majaribio ni mwezi huu wote. Yakienda vizuri maelezo yangu yanapelekwa Mwanga na Korogwe, nami nakuwa mkuu wa kumbukumbu. Nakuwa! Siandiki "huenda".

Rashidi fundi ameshampa wakala jina: Bwana Hachoki. Anasema ndiye mfanyakazi pekee asiyeulizia chai. Na mama nilipomwambia kuwa namfundisha wakala kazi, kauliza kibanda chake kiko wapi, maana anataka kutoa hela karibu na nyumbani. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatano, 10 Septemba

Upepo wa leo umeingiza vumbi mpaka kwenye kibodi. Lakini nimeandika! Zana nne zimekamilika.

Siri ya kazi hii ni kuandika kama unavyomwelekeza shemeji mgeni njia ya sokoni. Usimwambie "pale mbele". Mwambie duka gani, rangi gani, akunje mkono upi, na akikuta daraja ajue amepitiliza. Hiyo ya daraja ndiyo wengi wanaisahau. Mimi kila zana nimeiwekea daraja lake.

Asubuhi kikundi cha tangawizi cha Mamba kimetuma ujumbe. Katibu wao, Hedwiga, anaandika nusu Kiswahili nusu Chasu, lugha ya Wapare, na nukta hazijui. Anataka mkataba wa pampu ya kuoshea tangawizi uongezwe, ule wa pampu ya bustani uachwe uishe. Nikasema hapa Bwana Hachoki ataangukia pua. Wapi! Ameongeza ule wenyewe, mwingine hakuugusa, na akamuuliza Hedwiga athibitishe kabla. Kama nilivyoandika! Bosi kapita nyuma yangu, kasoma, kasema "Safi". Eliamini kusema safi ni kama mwingine achinje mbuzi.

Niliyoikaza kuliko zote ni ya kubadili mwenye mkataba. Mwaka jana dalali mmoja wa Kileo, Methusela, alitupigia simu akalia kabisa kwamba mwenye pampu fulani amefariki na yeye ndiye mrithi. Tukabadili kwa mkono. Kumbe marehemu yuko Moshi kwa mwanawe, mzima wa afya! Mwenye pampu alivyokuja ofisini, nilijificha stoo. Na huyo Methusela hata jina kamili la mwenye pampu alikuwa halijui, alimjua kwa jina la utani tu. Tungemuuliza jina, angekwama.

Kwa hiyo nimeandika: mwenye mkataba akiripotiwa kufariki, simamisha huduma mpaka mrithi athibitishwe. Na: usibadili chochote mpaka anayeomba ataje jina kamili la mwenye mkataba, lake, la baba na la babu. Asipotaja, muulize tena kwa upole. Usimtajie wewe.

Aje sasa Methusela.

Ijumaa, 12 Septemba

Bwana Hachoki leo kakutana na mtu mbishi. Ujumbe umetoka boma moja la mbugani, upande wa Ruvu. Anayeandika ni Naanyu, mwalimu wa shule ya msingi huko. Kiswahili chake kimenyooka. Baba yao ametutoka. Pampu nayo imezima tangu jana. Wameelewana nyumbani mkataba aandikwe mama yao, Namelok, na wanaomba fundi.

Wakala kampa pole, kasimamisha huduma, kamuuliza jina kamili la mwenye mkataba. Mkataba wenyewe ni wa Mzee Saning'o, namwona hapa kwenye skrini, hajawahi kuchelewesha chochote. Naanyu kajibu namba ya simu ya mzee, aina ya pampu, mwaka iliofungwa, kitongoji. Jina hakuna. Wakala kauliza tena. Akajibu, jina mnalo. Wakala kauliza tena, kwa upole, kama nilivyoandika. Basi, kimya.

Nikasema mwanangu huyo, hayumbishwi!

Rashidi hakucheka. Anasema boma lile anakijua kisima chake, ni kimoja. Wanaume wameshatoka na ng'ombe kufuata malisho, waliobaki ni wazee, kina mama, watoto na ndama. Pampu isipopiga maji, punda wanabeba madumu kutoka mtoni, na ndama hawafiki huko. Anahisi ni kontrola, kile kisanduku cha kuongoza umeme wa pampu, imeungua, kazi ya saa moja. Anataka kwenda. Lakini stoo haitoi kontrola bila namba ya kazi, na namba ya kazi anaitoa wakala, na wakala hawezi kumtuma fundi kwenye mkataba uliosimamishwa.

Nikamwambia, si wataje tu? Jina moja, watakufa?

Rashidi kaniangalia, kaenda kunywa chai.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimempigia Naanyu. Inaita, haipokelewi. Jua limekaa utosini tangu asubuhi. Nimekunywa maji ya friji nikawafikiria wale ndama, ikaniudhi kwamba nimewafikiria.

Jumatatu, 15 Septemba

Amekuja mwenyewe. Naanyu. Mrefu, sketi ya kijivu ya kazini, shuka begani, mkoba wa madaftari ya wanafunzi. Ameomba ruhusa shuleni, kapanda bodaboda mpaka lami. Nimemkaribisha kiti, nimempa pole ya msiba, nimemletea maji. Halafu — Shamsa mimi! — nikamfungulia skrini nikamwambia mwalimu, hebu maliza hili jambo, taja jina tu nikuandikie hapa hapa.

Akaushika mkoba wake wa madaftari. Nikadhani hakusikia. Nikarudia.

Akasema taratibu kwamba kwao aliyelala jina lake halitajwi. Si na yeye, si na mama yake, si na mtu wa boma. Kuna mtoto wa kaka yake aliyepewa jina la babu yake, na tangu msiba anaitwa jina lingine. Ujumbe wa wakala, ulioingia pia kwenye simu ya baba, mama yake alisomewa na jirani kwa sauti, mbele ya wageni wa msiba: taja jina la mumeo. Akasomewa mara ya pili. Mama aliinuka akaingia ndani, na hakutoka siku ile.

Mimi nikaona nimepata ufumbuzi. Nikamsogezea kalamu na karatasi: basi usitaje, andika.

Loh! Yale macho!

Nikasema, nami nimeshaanza kupaniki, lakini wewe ni mwalimu, umesoma. Akanijibu: "Nimesoma, ndiyo. Na baba yangu amefariki."

Mimi! Nimeona aibu ya mtu mzima, ile inayoanzia shingoni. Nimezaliwa Same hii hii, nimewauzia Wamasai vitambaa dukani kwa mama tangu sijafika hata kaunta, nawasalimia kwa Kimaa, naringa kwamba nawajua. Nilichokuwa nawajua ni rangi wanazopenda. Nimemwomba radhi. Akasema, "Jina mnalo nyie. Kwa nini mnataka litoke kwangu?" Hakusema kwa hasira, aliuliza kama anavyouliza mtoto darasani, anataka jibu.

Alipoondoka nilikwenda moja kwa moja kwa bosi. Nikamwambia nibadili kwa mkono, sasa hivi, tumwachie Rashidi aende. Akakataa. Anasema nikigusa kwa mkono tutajua Shamsa anafanya kazi, hatutajua wakala anafanya kazi, na kesho atakuja mwingine mwenye msiba na mimi nitakuwa nimekwenda likizo. Nilitaka kumrushia stepla. Halafu akasema: "Maelezo si yako? Yarekebishe."

Haya. Yangu ndiyo. Tutaonana asubuhi.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeirudia ile zana yote, neno kwa neno, na nasema bila haya kwamba sijawahi kuandika kitu kizuri hivi.

Jina halidaiwi tena. Kwanza, anayeomba ataje namba iliyogongwa kwenye kibati cha pampu — huyo dalali wa barabarani haioni, iko ndani ya kijumba na kijumba kina kufuli. Pili, mwenyekiti wa kitongoji atumiwe ujumbe aseme anaijua familia. Tatu, na hili ndilo ninalolipenda, wakala apige simu mwenyewe, kwa sauti, kwenye namba iliyo kwenye mkataba. Amsomee anayepokea ni mkataba gani unabadilishwa, amuulize kama anakubali kuuchukua, asubiri "ndiyo" kwa mdomo wake. Mwizi wa pampu huwa hana simu ya mwenye pampu.

Na nimeweka daraja: kama kuna msiba, usimuulize mtu yeyote jina la marehemu, kwa maneno wala kwa maandishi. Nimeliandika hilo juu kabisa.

Bosi kasoma. Kitu kimoja tu kaongeza: kwenye simu mkataba utambulishwe vizuri, asije mtu akasema alikubali bila kujua anakubali nini. Sawa, nikaandika maneno ya kusema, marefu kidogo, ya heshima.

Tukajaribu. Rashidi kajifanya Methusela, kalia kwa ujumbe mpaka tukamwonea huruma. Bwana Hachoki kamgomea! Kisha nikamwandikia Naanyu. Kajibu baada ya kipindi chake cha hesabu, katuma picha ya kibati. Mwenyekiti kajibu kabla ya adhuhuri. Na namba ya kazi ikatoka! Nimeruka, kiti kimeanguka. Stoo wametoa kontrola. Fundi ameruhusiwa kama dharura, imebaki ile simu tu ndiyo ikamilishe kubadili mkataba. Wakala amepiga, haipatikani, mtandao wa huko ni wa kubahatisha. Si neno. Atapiga tena na tena, ndiyo maana anaitwa Hachoki.

Nimemwambia bosi kesho nakwenda na Rashidi. Nataka kuyaona maji kwa macho yangu.

Jumatano, 17 Septemba — bomani

Naandikia huku huku, kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba. Wanadhani naandika mambo ya pampu.

Maji yametoka! Rashidi amebadilisha kontrola, kaifunga, kasema bismillah kaiwasha. Bomba likakohoa, likatema matope, kisha maji meupe. Ndama wameyasikia kabla yetu. Wamekuja wanasukumana, miguu myembamba, mbavu unazihesabu. Kuna wawili hawakuinuka, kina mama wamewapelekea kwa sufuria. Mmoja amekunywa. Mwingine sijui, nimeshindwa kuendelea kuangalia. Siku zote zile mimi niko ofisini najisifu kwamba mwanangu hayumbishwi.

Mama Namelok nimemsalimia kwa Kimaa, takwenya, kaitikia iko, kanishika mkono hakuuachia. Kichwa kimenyolewa, hereni ameziondoa kwa ajili ya msiba. Naanyu kamweleza kwamba mimi ndiye niliyeiambia mashine iache kuuliza. Hakumweleza kwamba mimi ndiye niliyeiambia iulize. Nimemwangalia Naanyu, naye kaangalia pembeni. Ningemkumbatia.

Wamenipa maziwa kwenye kibuyu. Ndugu wa mbali wamefika kuhani, wazee wameketi pale mbele, karibu na zizi. Nikauliza tu kwa mazungumzo, simu ya mzee iko wapi, maana wakala ataipigia. Mama akaonyesha kifuani. Ameifunga kwa kamba, iko ndani ya shuka, tangu siku ile haijatoka mwilini mwake. Naanyu anasema masikio ya yeyo — ndivyo anavyomwita mama yake — yamepungua, kwa hiyo huwa anaongea kwa spika, boma zima linasikia. Tukacheka wote, na mama mwenyewe.

Nikawa nainua kibuyu. Mkono ukasimama.

Yale maneno ya kusema kwenye simu! Yale marefu, ya heshima! Niliyaandika mimi jana, nayajua kwa moyo: "Habari za leo. Naongea kwa niaba ya kampuni kuhusu mkataba wa huduma ya pampu uliokuwa wa marehemu mzee —" halafu jina. Lake, la baba yake na la babu yake. Nilimkataza wakala kumuuliza mtu jina. Sikumkataza kulitaja. Atalitaja kwa sauti kubwa, kwenye spika, kifuani kwa mjane wake, wazee wameketi pale.

Simu yangu haina hata mstari mmoja wa mtandao. Nimemvuta Rashidi pembeni nikamwambia. Hakuniuliza mara mbili. Karukia gari, anakwenda mpaka kwenye kilima kinachoelekea lami, ampigie bosi azime ile simu ya wakala. Nimemwambia amwambie azime kwa mkono, na akisema habari za majaribio amwambie majaribio nimeyafeli mimi, azime!

Nimemwambia Naanyu pia. Nilitegemea anitukane. Kafumba macho kidogo, kasema kumnyang'anya yeyo simu ya mumewe mbele ya wageni haiwezekani, na sababu hawezi kumweleza hapa. Niombe mimi, mgeni hakataliwi.

Nimekwenda nimechuchumaa mbele yake. Nimesema mama, naomba unishikie — hapana, naomba nikushikie simu, kuna simu ya pampu itakuja, niipokee mimi, ni mambo ya ofisi tu, yasikusumbue. Naanyu kamtafsiria. Mama kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kauliza, huo mkataba si unaandikwa jina langu? Nikasema ndiyo mama, ni wako. Akasema basi nitapokea mwenyewe. Wazee wameitikia, mmoja kapiga fimbo chini kwa kufurahi. Mwanamke wa boma hili ana mkataba wa maji! Wanataka wasikie.

Ningefanyaje?

Sawa. Nimekaa ubavuni kwake, goti kwa goti, karibu kuliko adabu. Hiyo aina ya simu naijua, mama anaziuza dukani, kitufe cha spika kiko kulia na cha kukata kiko juu yake. Salamu ya wakala ni ndefu, jina linakuja mwishoni mwa sentensi ya pili. Nafasi ipo. Ikipokelewa nitazima spika, niisogeze sikioni kwangu, nimsikilize Bwana Hachoki mpaka amalize kulitaja jina lake kwangu mimi peke yangu, ndipo nimrudishie mama aseme ndiyo yake. Na akinikasirikia kwa kumshika mkono, akasirike. Naweza.

Naanyu amekuja kukaa upande wa pili wa mama. Vumbi la gari naliona kule kilimani, sijui kama linakwenda au linarudi.

Simu imelia mlio mfupi. Ni ujumbe, umeingia. Maana yake mtandao umefika hapa tulipo.

Mama ameitoa kwenye shuka, ameishika kwa mikono yote miwili. Wazee wamesogea karibu. Ananitazama, anatabasamu, na ananiambia kwa Kiswahili chake: "Haya. Sasa wapige."